Kijiji chetu ni cha chama gani?

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Mimi ni binti wa kijiji kimoja huku uwanda wa Makonde, Mtwara. Nimemaliza chuo, niko nyumbani. Mwaka 2015 kijiji chetu kiliwapa CUF ubunge na udiwani. Mwaka 2020 CCM ikashinda kwa mbali. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2024, mwenyekiti wetu wa kijiji alikuwa mgombea peke yake. Sasa bomba la maji limefika, vioski vimewekwa vitongoji vitatu, cha kwetu kimerukwa. Kiongozi mmoja akamwambia mjomba wangu waziwazi kwamba kitongoji chetu kinajulikana, tangu 2015 ni cha wapinzani. Wengine wanasema kijiji kizima siku hizi ni CCM damu. Naomba unielimishe: kijiji kidogo kama chetu kina chama? Na mtu anajuaje kitongoji fulani kilimpigia nani?"

Marahaba, mwanangu. Pole kwa shida ya maji, na mjomba mpe pole yangu. Nitaanza na swali lako la mwisho, maana hilo ndilo linalowatembeza kina mama na ndoo kila alfajiri. Hili la kijiji kuwa na chama nitalijia taratibu.

Huyo kiongozi hawezi kujua kitongoji chenu kilimpigia nani mwaka 2015. Sisemi hapaswi kujua. Nasema hawezi, kwa jinsi shughuli yenyewe inavyoendeshwa. Uchaguzi mkuu hauna sanduku la kitongoji. Una kituo, na kituo hupangiwa watu wasiozidi 450 au 500 hivi. Kijiji kikizidi hapo, vituo huwa viwili au vitatu mahali palepale, mara nyingi madarasa yaliyofuatana, na watu hugawanywa kwa herufi za majina yao kwenye daftari. Ndiyo maana siku ile unawakuta ndugu wa tumbo moja, Abdallah na Zuhura, waliolala nyumba moja, mmoja kapanga foleni mlango huu na mwenzake mlango ule. Kwa hiyo hata kama kituo cha kwanza kilitoa matokeo tofauti na cha pili, tofauti hiyo ni ya kina A na kina Z. Si ya wa bondeni na wa barabarani.

Mwaka huo wa 2015 nilikuwa msimamizi wa kituo kwenye shule moja ya msingi upande wa Lindi. Nikueleze tulivyohesabu, upate kuona. Baada ya kufunga tulisogeza madawati katikati, tukawasha taa za betri, tukafungua sanduku la rais kwanza, kisha la mbunge, kisha la diwani. Kila karatasi ilikunjuliwa, ikainuliwa juu ili mawakala wa vyama wote waione, ikatajwa kwa sauti, ikalazwa kwenye fungu lake. Karatasi haina jina, haina kitongoji. Nyingine imekunjwa mara nane, mpaka ukiikunjua inataka kuchanika. Nyingine ina alama ya vema iliyokolezwa kana kwamba mtu alikuwa anaandika barua ya madai. Tulipomaliza tukajaza fomu, mawakala wakasaini, wakapewa nakala, nyingine tukaibandika mlangoni. Ilikuwa karibu saa nane usiku.

Asubuhi nilipotoka nilikuta wanaume kama kumi mbele ya ule mlango. Mshindi walishamjua usiku uleule. Walichokuwa wanafanya ni kugawa. "Hizi mia na kitu za huyu ni za kule bondeni." "Hapana, bondeni wametupa sisi, hizi ni za wale wageni wa karibu na mnada." Mmoja alikuwa anahesabu nyumba kwa vidole. Nilisimama nikawasikiliza, nikajua kwamba mpaka jua litue kitongoji kimoja kitakuwa kimeshabandikwa jina, na jina hilo litakaa miaka. Ndilo lililowapata nyinyi. Si siri iliyovuja kutoka kituoni. Ni hesabu ya vidole iliyofanywa mbele ya mlango, ikarudiwa mpaka ikaonekana kweli.

Katika taaluma yetu ya kuchambua siasa hilo ni kosa linalojulikana: kuchukua jumla ya wengi ukaitumia kumsemea mmoja, au kundi dogo lililomo ndani yake. Jumla ya kijiji inasema juu ya kijiji. Haisemi chochote cha uhakika juu ya mjomba wako.

Kitongoji huonekana peke yake katika uchaguzi mmoja tu, ule wa serikali za mitaa, kwa kuwa mwenyekiti wa kitongoji huchaguliwa na wakazi wa kitongoji chake. Lakini usiuchanganye na uchaguzi mkuu. Unasimamiwa na TAMISEMI, yaani ofisi ya serikali inayoshughulikia tawala za mikoa na serikali za mitaa, wala si Tume ya Uchaguzi. Daftari lake ni jingine: huandikishwa wakazi upya kwa ajili ya uchaguzi huo, na kadi ya mpiga kura haihusiki. Mtu anaweza kuwamo kwenye hili akakosekana kwenye lile. Nimeona watu wenye shahada wakichukua idadi ya 2019 wakaitoa kwenye idadi ya 2020, wakatangaza kwamba watu kadhaa "wamehama chama". Ni sawa na kutoa magunia kwenye debe.

Sasa nije kwenye hilo la chama.

Nchini kwetu huwezi kugombea hata kitongoji bila kudhaminiwa na chama. Suala la mgombea binafsi lilipiganiwa mahakamani miaka mingi. Mahakama ya Rufani ikalirudisha bungeni mwaka 2010, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu ikasema mwaka 2013 kwamba kumzuia mgombea binafsi kunavunja haki, na mpaka leo sheria haijabadilika. Maana yake kwa kijiji ni hii: mzee anayekubalika na wote, aliyesuluhisha kesi za mipaka ya mikorosho, anayejua nani alizikwa wapi, akitaka uenyekiti lazima avae shati la chama fulani. Vijijini kwingi shati lililo karibu ni la kijani, la CCM. Liko karibu tangu zamani. Wakati wa chama kimoja, kwa sheria ya vijiji ya 1975, mwenyekiti wa tawi la chama ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kijiji, na katibu vilevile. Chama na kijiji vilikuwa kiti kimoja. Vyama vingi vikarudi 1992, kiti kikagawanywa kisheria, lakini mazoea hayagawanyiki kwa tangazo la serikali. Mpaka leo mtu akigombana na jirani huenda kwa balozi wa nyumba kumi, na balozi ni kiongozi wa shina la CCM. Anayekwenda kwa balozi hajaenda kwenye siasa. Ameenda kusuluhishwa.

Kwa hiyo kijiji kuwapa CUF ubunge na wakati huohuo kumwacha mwenyekiti wa CCM aendelee si kigeugeu wala si usaliti. Ni maswali mawili tofauti. La mwenyekiti linauliza: nani tunamwamini na ardhi yetu na ugomvi wetu? La mbunge linauliza: nani akatusemee juu ya korosho? Watu wazima hujibu maswali mawili kwa majibu mawili.

Tena mara nyingi ushindani wa kweli wa uenyekiti unaishia kwenye kura za maoni, zile za kuteua mgombea ndani ya CCM, wiki kadhaa kabla. Hapo ndipo koo zinapopimana, wajomba wanapozunguka usiku, na wanaoondoka na kinyongo wanapoamua ama kunyamaza ama kwenda kukopa shati la chama kingine. Kama hapo kijijini kwenu kuna mpinzani maarufu, uliza kwanza kama hakuwahi kushindwa kura za maoni. Sisemi kila mpinzani ni hivyo. Nasema ni swali la kwanza ambalo mtafiti wa mjini huwa halioni, kwa kuwa kwake siasa inaanzia pale majina mawili yanapokaa kwenye karatasi moja.

Pale ambapo jina ni moja, kama kwenu 2024, mtu asikwambie kwamba matokeo yanapima mwelekeo wa kijiji. Tazama nchi nzima. Desemba 2014 CCM ilichukua karibu vijiji vinne katika kila vitano. Mwaka 2019 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa, vyama vikubwa vikajitoa, CCM ikatangazwa na zaidi ya asilimia 99. Mwaka 2024, tarehe 27 Novemba, asilimia 99 ya vijiji. Hakuna nchi ambayo watu wake hubadilika mawazo kwa kiasi hicho ndani ya miaka mitano halafu wakagandia hapohapo. Kilichobadilika ni nani aliyekuwemo kwenye karatasi. Na uchaguzi mkuu wa Oktoba 2025 usome kwa jicho hilohilo: CHADEMA haikuwemo, na mgombea urais wa ACT-Wazalendo alienguliwa. Karatasi isiyo na swali haiwezi kukupa jibu.

Sasa twende kwenye hiyo 2015 na 2020 yenu, ambazo angalau zilikuwa na majina kadhaa. Mnasema "CCM ilishinda kwa mbali", na nina hakika mliambiwa kwa asilimia. Asilimia katika kijiji kidogo ni kitu cha kuogopa. Nitakuwekea mfano wa kubuni, idadi nimetunga mwenyewe ili hesabu iwe nyepesi.

Kijiji kina watu 600 kwenye daftari. Mwaka 2015 wamejitokeza 450. Kwa mbunge, upinzani 230, CCM 205, zilizoharibika 15. Mwaka 2020 wamejitokeza 290. CCM 215, upinzani 65, zilizoharibika 10. Ukichukua kura halali, CCM imetoka asilimia 47 ikafika karibu 77. Redio itasema kijiji kimegeuka. Kikaoni watasema tumewarudisha nyumbani. Sasa weka asilimia pembeni, hesabu vichwa. CCM imeongeza watu kumi. Kumi tu. Upinzani umepoteza 165. Wasiojitokeza wamepanda kutoka 150 hadi 310. Chama kikubwa kuliko vyote katika kijiji hicho mwaka 2020 ni cha waliobaki nyumbani, na hakuna fomu inayowataja.

Hata hao kumi usiwahukumu kwamba "wamehama". Ndani ya miaka mitano wazee wamefariki, vijana wametimiza miaka 18, wengine wameolewa vijiji vya jirani, wengine wako Mbagala wanauza nguo. Huenda hakuna mtu hata mmoja aliyebadili mawazo. Kwa nchi nzima waliojitokeza walikuwa asilimia 67 mwaka 2015 na karibu 51 mwaka 2020, kwa hiyo mfano wangu haukutoka hewani. Ukipata fomu za kijiji chenu, kitu cha kwanza usitafute nani kashinda. Tafuta waliojiandikisha, toa waliopiga kura, kisha zunguka uulize hao wengine walikuwa wapi.

Jibu moja utakalolipata unalijua kuliko mimi. Uchaguzi wetu huangukia mwishoni mwa Oktoba, na Oktoba ndiyo korosho zinaanguka. Watu wamehamia shambani. Mama aliyeko shambani mwendo wa saa mbili, ana mabibo ya kutenganisha na korosho za kuanika, akiziacha siku moja wezi wanaziokota, huyo kutokupiga kura kwake si kauli ya kisiasa. Au ni kauli, lakini inahusu nani wa kumlindia korosho.

Na hapo kwenye korosho ndipo ningependa ukae zaidi, kwa sababu watu wengi wanaoandika juu ya siasa za kusini wanaandika juu ya vyama, ilhali kusini siasa iko ghalani.

Fikiria mkulima wa hapo kwenu. Mwezi wa tano na wa sita anatafuta salfa, dawa ya kupulizia mikorosho. Hana fedha, anakopa, au anamwendea mtu wa kangomba anayempimia kwa bakuli korosho ambazo bado ni maua mtini, kwa bei ya kumlilia. Msimu ukifika anapeleka gunia AMCOS, chama cha ushirika cha msingi, zinapimwa, anapewa stakabadhi, zinakwenda ghala kuu, chama kikuu kinapeleka mnadani, TANECU kwenu, MAMCU kwa wenzenu wa Masasi na Mtwara. Halafu anasubiri benki. Katika mlolongo huo wote amekutana na serikali, ushirika, mfanyabiashara na benki; kila mmoja amekata chake, na kila mmoja anamwambia tatizo liko kwa mwingine. Mfumo huu wa stakabadhi ghalani ulianza msimu wa 2007/2008, na tangu hapo hakuna kampeni iliyofanyika huku bila kuutaja.

Umewahi kukaa kwenye mnada wa kijijini? Wanasoma bei za wanunuzi, ya juu na ya chini, mbele ya wakulima waliokaa chini ya mti. Halafu wanaulizwa: mnauza, hamuuzi? Wanajibu kwa sauti, wote. Nimeona mzee akisimama kwa fimbo akasema "hatuuzi", akakaa, na hakuna aliyefungua mdomo kumpinga. Huo ni uchaguzi, mwanangu. Ni wa wazi, unafanyika mara nyingi katika msimu, na matokeo yake yanafika mfukoni baada ya siku chache. Mtu aliyezoea uchaguzi wa namna hiyo haupimi wa Oktoba kwa nyimbo.

Ndiyo maana tarehe za kukumbuka kusini si za mikutano ya vyama. Aprili 2013 Liwale nyumba za viongozi zilichomwa moto kwa sababu ya malipo ya pili ya korosho kutofikia kilichoahidiwa. Juni 2018 Bunge lilibadilisha sheria, fungu la ushuru wa korosho zinazosafirishwa nje lililokuwa likirudi kwenye zao likaelekezwa Hazina, wabunge wa kusini wakapinga, wengine wakiwa wa CCM. Novemba mwaka huohuo serikali ilikataa bei za wanunuzi, ikatangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likapelekwa kusomba. Watu walishangilia. Kisha ukaja uhakiki wa mashamba kumsaka mtu wa kangomba, malipo yakachelewa mpaka mwaka uliofuata, na wengine wakauza mabati kulipia watoto shule. Upande wa pili, Oktoba 2024 minada ya mwanzo ilipita shilingi 4,000 kwa kilo, na hilo nalo lina sauti yake. Weka tarehe hizi pembeni ya fomu zako. Usiseme moja imesababisha nyingine mpaka umewauliza watu. Lakini ukiziacha kabisa, utabaki unasoma rangi za bendera.

Na wala usidhani kwamba manung'uniko hugeuka kura moja kwa moja. Chukua gesi. Mei 2013 Mtwara Mjini kulitokea ghasia baada ya bajeti ya nishati kuthibitisha bomba la kwenda Dar es Salaam. "Gesi haitoki" ilikuwa kauli ya kila kijiwe. Mwaka 2015 jimbo la Mtwara Mjini likaenda CUF, na kila mchambuzi akasema: gesi. Sawa. Lakini visima vyenyewe viko Msimbati, jimbo la Mtwara Vijijini, na jimbo hilo mwaka 2015 lilibaki CCM. Halafu mwaka 2020, pale ambapo Tanzania Bara yote upinzani uliambulia majimbo mawili tu, moja likawa Nkasi Kaskazini, na la pili likawa hilohilo la Mtwara Vijijini: Shamsia Mtamba wa CUF. Mtu mwenye maelezo ya sababu moja hapo anakwama. Mimi naamini tofauti kubwa ilikuwa ya wagombea na ya waliojitokeza kulinda kura, ila hiyo ni imani yangu, ipime.

Au chukua majirani zenu. Tandahimba na Newala ni watu wale wale: Wamakonde, korosho, shida ya maji, wanaoana kila siku. Mwaka 2015 Tandahimba ikaenda CUF, Newala Mjini na Newala Vijijini zikabaki CCM. Kama kabila au zao ndilo linalopiga kura, jambo hilo lisingetokea.

Dini nayo nitaigusa kwa kifupi, kwa kuwa nayo hutumika kuvibandika vijiji majina. Husemwa CUF kusini ilishinda kwa Uislamu. Newala yenye Waislamu wengi ilimchagua George Mkuchika tena na tena. Lindi Mjini mwaka 2010 ilimpeleka bungeni kwa CUF Salum Barwany, mtu wa kwanza mwenye ualbino kuchaguliwa mbunge wa jimbo Tanzania. Waliompigia nina hakika walikuwa na mengi ya kuyatazama kuliko msikiti. Msikiti ni mahali watu wanapokutana na kupeana habari, kama ulivyo mnada na kama ilivyo shughuli ya unyago. Habari hupita hapo. Hilo halimaanishi uamuzi hufanyika hapo.

Kuhusu mtu na shati lake, tazama Liwale. Mwaka 2015 ilimchagua Zuberi Kuchauka kwa CUF. Mwaka 2018 akahamia CCM, ukafanyika uchaguzi mdogo Oktoba, akarudi bungeni kwa tiketi ya CCM. Utasema Liwale ilibadilika, au ilibaki na mtu wake? Kwa matokeo peke yake huwezi kujua. Kisha CUF yenyewe ikapasuka: Machi 2019 Maalim Seif, kiongozi wake wa siku nyingi, akaenda ACT-Wazalendo, na baadhi ya vigogo wa kusini wakamfuata, akiwemo Selemani Bungara wa Kilwa Kusini. Mpiga kura aliyekuwa CUF 2015 aliamka 2020 akakuta chama chake kimekuwa viwili, kadi yake ya zamani haijui imfuate nani. Wengi wa waliobaki nyumbani nadhani walikuwa hao, na hao hawakuhamia popote.

Kwa hiyo nikujibu: kijiji chenu hakina chama. Kina watu wenye mazoea ya muda mrefu na CCM katika mambo ya nyumbani, wenye madai ya korosho yanayowasukuma mara huku mara kule katika mambo ya ubunge, na kundi kubwa linaloona kwa sasa hakuna haja ya kwenda kituoni. Mtu yuleyule anaweza kuwa yote matatu. Mjomba wako anaweza kuwa na kadi ya CCM sandukuni, akawa alimpigia CUF ubunge 2015, na 2020 akawa shambani.

Ukitaka kulifanyia kazi, na nakuomba ulifanye kwa kuwa kijiji kinahitaji mtu wa kukiandika, tafuta fomu za vituo: 21A ya rais, 21B ya mbunge, 21C ya diwani. Waliokuwa mawakala walipewa nakala, wengine bado wanazo, zimekunjwa ndani ya Msahafu au daftari la mikopo. Soma tatu za siku moja kwa pamoja. Katika mfano wangu, kama kwa rais upinzani ulipata 200 na kwa mbunge 230, basi wapo watu wasiopungua 30 ambao siku hiyohiyo, kwa mkono uleule, walitofautisha rais na mbunge. Hao ndio watakaokufundisha siasa ya hapo kuliko mashabiki wa pande zote mbili. Hesabu zilizoharibika pia. Zikiwa nyingi kwa diwani kuliko kwa rais, kuna kitu. Uliza matokeo ya uchaguzi wa bodi ya AMCOS, na nani alishindwa kura za maoni. Kaa na wanawake peke yao, maana mbele ya wanaume watakwambia "tulipiga kama wenzetu". Ila jambo moja nakukataza kama mwanangu: usimuulize mtu alimpigia nani, na akikwambia mwenyewe usiandike jina wala kitongoji. Umeona walichofanya na hesabu ya vidole. Hawatashindwa kufanya zaidi kwa daftari lako.

Na maji yasisubiri utafiti. Mahali pa kioski hupangwa kwenye usanifu wa mradi, na RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, au mamlaka ya maji ya eneo lenu ina ramani yake. Mabadiliko ya mahali yanatakiwa kupita kwenye kikao. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa uitishwe kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi ana haki ya kuongea pale. Mwambie mjomba asiende kubishana kama kitongoji ni cha chama gani, maana akibisha hilo atakuwa amekubali kwamba maji hugawiwa hivyo. Aulize, mbele ya mtendaji anayeandika: kioski cha kitongoji chetu kilikuwa kimechorwa wapi kwenye ramani, kiliondolewa na kikao gani, na muhtasari wa kikao hicho tunaweza kuusoma lini? Kisha wewe, uliye na kalamu, andika jibu, tarehe, na idadi ya watu waliokuwepo. Ukishapata nakala ya huo muhtasari niletee, tuusome pamoja.